Mgonjwa wa Kitanda cha Saba

Wagonjwa kumi na wawili walikufa kabla ya saa nne asubuhi, na wote walikuwa wamefufuka kabla ya chai. Hakuna aliyelia. Katika Ukumbi wa Mitihani ya Leseni jijini Mbeya, vifo vilikuwa jambo la kila siku: taa nyekundu iliwaka juu ya kitanda, mtahiniwa akafunga daftari lake kwa aibu, fundi akaja na kitambaa, akamfuta marehemu jasho na kubonyeza nyuma ya sikio lake. Marehemu akavuta pumzi, akaanza kuugua upya.

Waliitwa wagonjwa-bandia, ingawa jina hilo liliwapunja. Ngozi yao ilipata joto na kutoa jasho, damu yao ya kutengenezwa ilikwenda mbio mishipani, na ukibonyeza mguu uliovimba, kishimo kilibaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Kilichowashangaza wageni zaidi ni kwamba kila mmoja alikuwa nakala ya mtu aliyewahi kuishi. Mgonjwa aliyejua hatapona aliweza kukubali avalishwe vazi la vihisio, nalo likanakili pumzi yake, sauti yake, ubishi wake, hata namna alivyowadanganya madaktari, ila si kumbukumbu za watu wake. Baada ya mazishi nakala ile iliingizwa kwenye mwili wa bandia, na familia ikiridhia, jina na sura vilibaki vilevile. Ndivyo wauguzi wa mwaka 2091 walivyofundishwa na watu waliokwisha kuzikwa.

Tusekile alishindwa mtihani huo mwezi wa tatu, tena alishindwa vibaya. Haikuwa kwa kukosa akili. Kwenye karatasi za kuandika aliongoza darasa zima, na wenzake walikuwa wakimwita Daktari kwa utani wenye wivu kidogo. Siku ya vitendo alipangiwa kitanda cha saba. Kabla hajaisoma kadi ya mgonjwa, nyuma ya pazia mtu alikohoa: mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja kwa kirefu.

Miguu yake ilijua kabla ya kichwa. Tusekile alijifunika kichwa kwa koti lake jeupe, akageuka, akachuchumaa pembeni, macho sakafuni.

"Mtahiniwa, thibitisha jina la mgonjwa," lilisema Jicho, mashine ya kusahihisha iliyoning'inia darini.

Jicho lilirudia mara ya pili, na ya tatu. Baada ya dakika sita taa nyekundu iliwaka, na mgonjwa wa kitanda cha saba akafa bila hata kushikwa mkono.

Aliyekohoa alikuwa baba mkwe wake, aliyezikwa Tukuyu miaka miwili kabla.

Lazima tueleze kidogo, maana mjini watu wanapanda treni ya sumaku na kusahau kwamba dakika arobaini tu kutoka hapo kuna nyumba zinazoishi kwa utaratibu wake. Tusekile aliolewa kwenye familia ya Kinyakyusa iliyoshika heshima ya mababu bila kupunguza hata chembe. Mkamwana wa nyumba ile hakumtazama baba mkwe usoni, hakukatisha mbele yake, wala hakulitamka jina lake. Baba mkwe naye alikuwa na wajibu wake: akikaribia uani alikohoa, ili mkamwana apate nafasi ya kupisha. Waliishi hivyo miaka mitano, huyu upande huu wa migomba na yule upande ule, na walipendana. Ndizi tamu kuliko zote zilimfikia Tusekile kupitia kwa mama mkwe, na maji ya moto ya mzee hayakuchelewa hata asubuhi moja. Kwamba mzee alikubali kunakiliwa, Tusekile hakuambiwa. Nani angeanza kumzungumzia mkamwana habari za mwili wa baba mkwe?

Sista Komba, msimamizi mkuu wa mitihani, alimwita ofisini. Alikuwa mama wa Kingoni mwenye sauti nzito na moyo laini, ambao aliuficha kwa kufokafoka.

"Nesi, unajua sheria," alisema. "Anayeshindwa vitendo anarudi kwa mgonjwa yuleyule, mara moja tu. Ukishindwa tena, uuguzi basi. Utatafuta kazi nyingine."

"Najua, Sista."

"Ila kuna mlango. Sababu za mila zinakubalika. Andika barua, mkubwa mmoja wa ukweni atie sahihi, nikuhamishie kitanda cha tatu. Kuna mama wa Iringa pale, ana kisukari, mpole kabisa. Kwa huyo utafaulu hata ukiwa na homa."

Tusekile aliandika barua siku hiyohiyo. Mumewe, Lugano, alikuwa fundi wa mitambo ya jua huko angani na hangerudi kabla ya miezi minne, kwa hiyo mkubwa wa ukweni alikuwa mmoja tu. Jumamosi asubuhi alipanda treni kwenda Tukuyu, akamkuta mama mkwe wake, Mama Lugano, akimenya ndizi jikoni. Alipiga magoti, akasalimia, akaeleza yote, akamkabidhi barua.

Mama Lugano aliisoma polepole, kisha akaiweka chini bila kutia sahihi.

"Alikohoaje?" aliuliza.

"Kama alivyokuwa akikohoa uani, mama. Mara mbili fupi, mara moja ndefu."

Kisu kilisimama kwenye ganda la ndizi. "Kikohozi cha uani kilikuwa kimoja tu, mwanangu. Toka nimeolewa hapa, alipotaka wakwe wapishe alikohoa mara moja."

Tusekile alifungua mdomo apinge, kisha akakumbuka. Ilikuwa kweli. Miaka ya kwanza kilikuwa kikohozi kimoja. Mwaka wa mwisho vikawa vitatu, halafu vinne, na yeye, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, kila aliposikia alijifunika na kupisha haraka zaidi.

"Nilidhani ananiongezea heshima," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa sababu nasoma."

"Ulikuwa moyo. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Madaktari walituambia tayari tumechelewa."

Tusekile alilia pale jikoni. Midomo iliyobadilika rangi, miguu iliyovimba, pumzi fupi ya kupanda kilima: vyote hivyo angeviona kwa kutupa jicho moja, na jicho hilo hakulitupa kwa miaka mitano. Hakuna aliyemkataza kwa ubaya. Walimkataza kwa upendo, naye akatii kwa upendo, na mzee akafa katikati ya adabu yao yote.

"Usijibebeshe peke yako," Mama Lugano alisema. "Mimi nililala naye kitanda kimoja, nikamwambia apunguze tumbaku. Na yeye mwenyewe je? Bangili ya afya aliyopewa bure na serikali aliivua, akasema yeye si mbuzi wa kufungwa kengele." Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kule hospitali aliniambia neno. Alisema, 'Mkamwana wetu angeniangalia mara moja tu, angejua. Tulimfunga macho wenyewe. Hao wa chuo wanataka kuninakili, waache. Wanafunzi waniangalie mpaka wachoke.'"



"Barua hii siitii sahihi," Mama Lugano aliendelea. "Heshima hiyo ulipewa na sisi wawili, mimi na yeye. Yeye hayupo. Mimi nipo, na leo nakuondolea."

"Watu watasema, mama."

"Waje waniambie mimi. Nikikupa mgonjwa mwepesi leo, kesho ukiletewa mzee wa watu anakohoa, utajifunika tena?"

Basi wakaanza kujifunza, na kama kuna chuo kilichowahi kuwa na mwalimu mkali, ni chumba kile cha nyuma. Kwa wiki tatu, Mama Lugano alivaa koti la marehemu, akalala kitandani na kuugua. Aliugua kwa kipaji. Akiulizwa hali, alijibu "sijambo." Akiulizwa kifua, aliuliza bei ya kahawa. Miguu aliificha chini ya blanketi, na Tusekile akiifunua alifokewa kwa sauti ya kiume iliyowachekesha majirani dirishani. Hivyo ndivyo Tusekile alivyoanza kumfahamu mtu aliyeishi naye uwanja mmoja: mbishi, mcheshi, mwoga wa sindano, bingwa wa kubadilisha mazungumzo.

Lililomshinda lilikuwa jina. Siku ya kwanza alifika nusu yake, akakimbilia nje.

"Jina la mume wangu lina miiba?" Mama Lugano aliuliza kutoka kitandani.

Siku ya tano aliwatamkia ng'ombe. Wiki ya pili aliitamkia migomba, huku akitazama nyuma kama mwizi. Wiki ya tatu alilisema ndani ya nyumba, mbele ya mjane wa mwenye jina, na paa halikuanguka. Mama Lugano alimtazama akiwa ndani ya koti lile kubwa. "Ndaga fijo," alisema, asante sana, na hakuongeza kitu.

Siku ya mtihani Tusekile alisimama mbele ya pazia la kitanda cha saba. Kikohozi kikaja: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa kirefu. Mkono wake ulikwisha kushika kola ya koti alipogundua unachofanya, akaulazimisha uvute pazia.

"Mtahiniwa, thibitisha jina la mgonjwa."

"Naitwa Tusekile, muuguzi wako," alisema, na akainua macho. "Wewe ni Ambokile Mwasandube?"

"Ndiye mimi."

Alimwona. Aliona mahali Lugano alikoitoa pua yake. Aliona kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kumsimulia. Kisha muuguzi aliyemo ndani yake akaona midomo ya samawati, mishipa ya shingo iliyotuna, na mabega yaliyopanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Unajisikiaje, baba?"

"Sijambo. Kikohozi cha kawaida tu. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mtu wa hapahapa. Nionyeshe miguu."

"Miguu ya nini? Nimekuja kwa kifua."

"Kifua nimekisikia tangu mlangoni, baba. Sasa nataka miguu."

Akafunua blanketi, akabonyeza, kishimo kikabaki. Alimkalisha wima, akamwekea oksijeni, akasikiliza mgongo wake na kukuta maji yakichemka mapafuni. Yote aliyatamka wazi ili Jicho lisikie: moyo umeshindwa kusukuma damu, daktari aitwe, dawa ya kutoa maji iandaliwe. Daktari wa mtihani aliidhinisha, sindano ikaingia, mzee akalalamika kama alivyotarajiwa. Tusekile alimshika mkono, akahesabu pumzi. Thelathini na nne kwa dakika. Ishirini na nane. Ishirini. Taa ya kijani ikawaka.

Sista Komba alikuja mwenyewe na kadi ya leseni.

"Kitanda hiki kimewaangusha watahiniwa thelathini na wanane," alisema, na safari hii alisahau kufoka. "Wanamwamini akisema hajambo. Wewe ni wa kwanza kumkatalia. Hongera, Muuguzi Tusekile."

Tusekile alitoka akiwa ameinua kichwa. Nje, kwenye ukumbi wa kusubiri, ambako watahiniwa walikaa kimya wakimwomba Mungu, Mama Lugano alisimama. Alikuwa amevaa khanga mpya, na hakuuliza habari za leseni.

"Amepumua?"

"Amepumua, mama. Amepumua vizuri."

Mama Lugano alipiga vigelegele, na ukumbi mzima ukageuka. Mlinzi alikuja mbio kumnyamazisha, naye akamshika mkono yule mlinzi asiyemjua, akamgeuza amtazame Tusekile.

"Unamwona huyu?" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Huyu ni mkamwana wangu. Amemtazama mume wangu usoni, akamtaja kwa jina!"