Kilo Arobaini na Tano Kiti cha Nyuma

"Shemeji, mgonjwa ana kilo ngapi?"

Valeria alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameleta gari gereji, hakuja kliniki.

"Unasemaje?"

"Fabiani. Siku hizi ana kilo ngapi?" Marselino aliuliza bila kumtazama usoni, mkono wake ukibonyeza kiti cha nyuma cha lile Benzi la zamani. "Miguu ya gari, yaani springi na shokapu, naipanga kwa uzito wa atakayepanda. Nikiipanga gari likiwa tupu, akilala hapo litainama upande mmoja, na kila shimo litamfikia mgongoni."

"Themanini na mbili," Valeria akajibu. Halafu akajisahihisha, sauti imeshuka. "Hizo za zamani. Wiki iliyopita hospitali walimpima. Arobaini na tano."

Fundi hakusema pole. Alikwenda duka la nafaka la jirani, akarudi na gunia la maharage begani, limepimwa kilo arobaini na tano kamili, akalilaza kiti cha nyuma taratibu kama anamlaza mtu. Valeria akalitazama. Mwanaume aliyekuwa akimnyanyua juujuu sebuleni hadi anapiga kelele za kicheko, leo anatosha kwenye gunia ambalo halijajaa! Akageukia ukuta wa mabati, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mtaniuliza huyu mama ana nini na huyu fundi, mbona anasaidiwa lakini hata asante hatoi.

Valeria ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yao iko Katandala, mjini Sumbawanga. Mumewe, Fabiani, alikuwa akinunua maharage na ulezi vijijini na kuuza mjini. Mcheshi huyo, lakini mbishi ajabu, mwenye mapenzi mawili tu duniani: mkewe, na hilo Benzi la rangi ya maziwa lenye umri wa kutosha kuoa. Mwaka huu saratani ikaingia kwenye uti wa mgongo. Daktari alimwita Valeria pembeni, akamwambia asihesabu miezi, ahesabu wiki.

Asubuhi moja ya baridi na upepo, Fabiani akamshika mkewe mkono.

"Nipeleke Mollo. Nataka kwenda kwa Angela."

Angela ni binti yao. Aliishi saa mbili. Miaka minane iliyopita, Valeria akiwa na mimba ya miezi saba, Benzi liliyumba kwenye kona ya kwenda Mollo likaingia mtaroni. Mtoto akazaliwa siku hiyohiyo, nesi akambatiza kwa maji ya kikombe, akafariki mama yake hajazinduka. Wazee wakamzika Mollo, kijijini kwa wazazi wa Fabiani. Fabiani siku hiyo alikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha mkewe. Na tangu hapo hakulikanyaga lile kaburi. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Valeria alikwenda peke yake, na mumewe alikuwa na udhuru: mara mzigo, mara kichwa.

Mkosaji alijulikana mji mzima. Marselino! Rafiki wa Fabiani tangu wakichunga ng'ombe, msimamizi wao wa ndoa, ndiye aliyelihudumia gari wiki ileile ya ajali. "Ameharibu miguu ya gari," Fabiani alisema, na Valeria akaamini. Miaka minane hakumpa salamu. Kanisani, padre akisema tutakiane amani, Valeria alimruka Marselino akampa mkono mtu wa nyuma yake.

Sasa sikieni walivyobishana siku hiyo.

"Tukodi gari lingine, Fabi."

"Lilelile lililompeleka ndilo litanipeleka mimi."

"Lile linatembea kama mlevi! Kutoka hapa mpaka kanisani tu unalia."

"Mpelekee Marselino."

"Nani?"

"Marselino. Sumbawanga hii hakuna mwingine anayelijua."

"Nimpelekee mtu aliyeniulia mwanangu? Fabi, una akili wewe?"

Fabiani alifumba macho. "Mpelekee tu, mke wangu. Nakuomba."

Ombi la mgonjwa unalikataaje? Akapeleka; ndiyo siku ya lile gunia.

Siku ya pili, akiwa darasani, ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Shem, njoo gereji. Njoo wewe mwenyewe, haya siyo ya simu."

Kengele ilipolia alipanda bodaboda moja kwa moja. Akalikuta Benzi limeinuliwa, matairi yametolewa, na chini, juu ya turubai, vipande vinne vya mpira mweusi, vinene, vimekatwa kwa kisu.

"Ndiyo nini hivi?"

"Spesa. Vinawekwa juu ya springi ili gari linyanyuke, lisiburuze tumbo kwenye barabara za vumbi. Yapo magari yanayovumilia. Hili hapana, hili liliumbwa kukaa chini. Ukilinyanyua hivi, kwenye kona halishiki barabara, linakutupa."

Damu ikampanda Valeria. "Kwa hiyo unakiri! Ulimwekea mume wangu hiki kitu, mimi nina mimba ndani ya gari!"

"Kigeuze, shemeji."

"Sigeuzi kitu!"

"Kigeuze uone."

Akakigeuza. Upande wa pili palikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: duara, na mistari miwili katikati. Valeria aliijua. Ni chapa ya ng'ombe wa baba mkwe wake. Iko kwenye nira, iko kwenye kigoda anachokalia akienda Mollo, na ilikuwa kwenye tairi za mkokoteni wa mzee. Akamkumbuka mama mkwe, Mama Stefania, alivyolalamika mwaka mzima kuwa wezi wasio na haya wamekuja wakaiba tairi la mkokoteni.

Akakaa juu ya tairi.

"Alinijia akitaka nilinyanyue, apate kupakia maharage," Marselino alisema. "Nikakataa. Akaniambia mimi fundi mwoga, akaondoka amenuna. Sikujua kama ameenda kujifanyia mwenyewe kijijini. Nililijua hilo nilipoliona gari mtaroni limesimama juu kama mbuzi."

"Ukanyamaza. Miaka minane, Marselino!"

"Ulikuwa umelazwa. Umepoteza mtoto. Nije nikuambie ni mumeo? Ungebaki na nani?"

Valeria alikigeuza tena kile kipande, akapitisha kidole juu ya chapa.

"Nilijua atasema mwenyewe," fundi akaendelea, akifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Baadaye hata ningesema, nani angeniamini? Nilizoea. Ila pale kanisani, shemeji, ukinipita na ule mkono... pale sikuzoea."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Valeria. Ujumbe wa Fabiani. Neno moja.

"Ameshazitoa?"

Alilisoma mara tatu. Kumbe alijua! Kumbe alimtuma pale akijua kabisa atakutana na nini!

Alifika nyumbani na kipande kimoja cha mpira ndani ya kikapu cha madaftari. Akakiweka kifuani kwa mumewe, juu ya blanketi.

"Sema."

Fabiani alikipapasa kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa.

"Nilikata tairi la baba, nikaziweka siku moja kabla ya safari. Nilitaka kumwonyesha Marselino kuwa inawezekana. Baada ya ajali sikuthubutu kuzitoa, nisije nikaulizwa zimetoka wapi."

"Kwa nini ulimsingizia?"

"Ulipozinduka hospitalini hukumuulizia mtoto kwanza. Uliuliza, nani alitengeneza gari? Nikaona macho yako yanatafuta mtu wa kumchukia maisha yako yote. Nikaogopa, Valeria. Jina la mwenzangu likanitoka mdomoni. Nikasema nitalirekebisha kesho. Kesho ikawa miaka minane."

"Na leo umekosa mdomo, ukanituma nikaambiwe na vipande vya mpira?"

"Nimekosa mdomo," alisema, machozi yakiingia masikioni. "Nikaona gari liseme."

"Hatuendi Mollo!" Valeria alipiga kelele mpaka majirani wakazima redio. "Umenisikia? Huendi kumwona! Ulimnyang'anya uhai, ukaninyang'anya na ukweli wake!"

Siku mbili nzima hakumsemesha. Alimgeuza kitandani, alimlisha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, alimfuta, alimbadilisha mashuka, yote bila neno. Na ninyi mliowahi kuuguza mtu mliyemkasirikia mnajua: mikono inapenda huku moyo umenuna. Siku ya tatu, akimvalisha soksi, akaona mguu wa mumewe umekuwa mdogo, unaingia kwenye soksi ya mtoto wa shule. Akaushika ule mguu, akakaa nao mapajani muda mrefu.

"Nakupeleka," alisema hatimaye. "Lakini usije ukadhani nimekusamehe. Nakupeleka kwa sababu Angela hajawahi kutembelewa na baba yake."

"Asante."

"Sijamaliza. Utamwomba radhi Marselino. Kwa mdomo wako, siyo kwa gari."

Akampigia fundi.

"Marselino, gari bado?"

"Limebaki kunyooshwa matairi, shemeji."

Alimkuta amechuchumaa, amefunga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, anapima kwa jicho moja, anakaza, anapima tena. Shokapu mpya, bushi mpya, springi zimerudi mahali pake. Gunia la maharage bado limelala kiti cha nyuma, limefungwa mkanda.

"Toa gunia," Valeria akasema. "Nilale mimi hapo. Nataka kusikia atakachosikia yeye."

"Wewe umemzidi uzito."

"Basi kaa na gunia lako, mimi nitaendesha."

Wakazunguka mji, barabara ya vumbi, matuta, makorongo. Gari lilikwenda limetulia, stelingi nyepesi mkononi, kona inakatwa bila kuyumba. Valeria akalia tena, safari hii akiwa ameshika usukani, na Marselino akatazama dirishani kama hakuona.

Jumamosi asubuhi Marselino alikuja Katandala kumbeba mgonjwa. Alipoingia chumbani, Fabiani akaomba anyanyuliwe akae. Halafu, yeye mkubwa kwa umri, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja, akapiga makofi polepole, yale makofi ya heshima ambayo kwetu Ufipa mdogo ndiye humpigia mkubwa.

"Marselino. Nilikusingizia. Nisamehe."

"Acha, Fabi, utajiumiza."

"Sema kwanza."

Marselino akapiga magoti, akaikamata ile mikono ikatulia. "Yameisha, ndugu yangu. Yameisha." Akambeba peke yake, bila kusaidiwa, hadi kwenye gari.

Valeria aliendesha. Marselino alikaa nyuma, kichwa cha rafiki yake mapajani. Wakapita mashamba ya mahindi yaliyokwishavunwa, upepo ukipeperusha vumbi jekundu. Fabiani alikuwa amekaza meno tangu mjini, anaingoja ile kona.

"Tukikaribia uniambie," alisema.

"Kukaribia wapi?"

"Pale. Kwenye kona. Nijishike."

Valeria akamtazama kwenye kioo.

"Tumeshapita, Fabi."

"Tumepita?"

"Zamani."

Fabiani akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mollo, Mama Stefania alikuwa amefagia kaburi. Alipomwona mwanawe alivyobaki, aligeuka pembeni, akarudi na mkeka. Wakamlaza ubavuni mwa kile kikaburi kidogo, chenye msalaba wa mti na jina moja tu. Akaweka kiganja juu ya udongo.

"Angela. Ni baba. Nimechelewa."

Kisha akamgeukia mkewe, na akamwita kwa jina ambalo kwa miaka minane hakuna mtu aliyethubutu kumwita.

"Mama Angela."

Valeria alikuwa amejiapiza kutolia. Lakini lile jina! Akapiga magoti kwenye udongo, paji la uso likagusa bega la mumewe.

"Niite tena."

"Mama Angela. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Angela. Nimekusamehe, pumzika."

Fabiani alifariki siku kumi na moja baadaye, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Wakamzika Mollo, ubavuni mwa binti yake. Jumapili iliyofuata, padre aliposema tutakiane amani, Valeria alitoka kwenye benchi lake, akavuka kanisa zima mbele za watu, akampa Marselino mkono. Watu walishangaa. Yeye hakujali.

Mwezi ulipoisha alipita gereji.

"Shemeji, gari lina tatizo?" Marselino aliuliza.

"Linavuta kulia kidogo. Tangu msiba."

"Si tatizo. Nililipanga na mgonjwa nyuma. Sasa halina ule uzito." Akachukua spana. "Niachie mpaka jioni, nalipanga upya likiwa tupu."

Valeria alisimama, funguo mkononi, akakitazama kiti cha nyuma.

"Usilipange," alisema. "Lile gunia bado unalo?"

Marselino alimtazama kidogo, akarudisha spana mahali pake. Akalitoa gunia ndani, akalilaza kitini, akalifunga mkanda. Valeria akawasha gari, akashika barabara ya Mollo. Halikuvuta tena upande wowote.