Meno ya Dereva

Mkaguzi wa wizara alimsalimia marehemu mara mbili kabla ya kutambua kwamba hataitikiwa.

"Shikamoo, mzee," alisema mara ya kwanza, akiwa mlangoni. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kuegemea kando ya dirisha, amenyolewa ndevu, shati limepigwa pasi, kinywa kimefumbwa vizuri. Mkaguzi akatazama shuka: nyeupe pe. Akatazama sakafu: inang'aa. Akaridhika, akasogea, akasema tena, "Shikamoo." Halafu akamshika mkono. Lo! Mtu mzima na mvi zake, alipiga ukelele ukasikika mpaka barabarani, na faili lake likaanguka chini.

Hivyo ndivyo nyumba ya wazee ilivyopata maiti siku ileile ilipokuwa ikipimwa kama inawatunza watu vizuri.

Inspekta alipofika alikuta geti limepakwa rangi mpya. Aliijua nyumba hii. Wiki iliyopita alikuja kwa shida zake mwenyewe, maana mama yake alikuwa ameanza kusahau. Ameshasahau jiko likiwaka, ameshapotea akienda dukani alikozoea, na kaka mtu hakumpa nafasi ya kupumua: "Dada, umeamua nini?" Inspekta akaamua. Jumamosi mama angehamia hapa, chumba cha pili kutoka hiki chenye maiti. Sasa mwanamke huyu, aliyekwisha kuona maiti za kila namna, alisimama mlangoni akikitazama kile chumba cha pili.

"Tulimwita Dereva," Meneja wa nyumba alisema, akijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Aliendesha mabasi maisha yake yote. Ni uzee tu, afande. Moyo umesimama. Hakuna jambo hapa."

"Nani kasema kuna jambo?" Inspekta alimuuliza.

Meneja akairekebisha tai.

Daktari wa polisi alivaa glavu, akafungua kinywa cha marehemu, akamulika kwa kurunzi. Alichukua muda. Halafu akamwita Inspekta kwa kidole.

"Koo limezibwa na mkate," alisema kwa sauti ya chini. "Amepaliwa. Kafa wakati wa chai ya asubuhi, zamani kabla mkaguzi hajaingia. Lakini njoo uone haya meno ya bandia."

"Yana nini?"

"Safi. Mkate umejaa huko nyuma, kwenye meno hakuna hata chembe. Na hayamkai, yanacheza. Hili la pembeni limemegeka. Sasa tazama vidole vyake."

Inspekta akatazama. Vidole viwili vilikuwa na rangi ya kahawia, vidole vya mtu aliyevuta sigara tangu ujana. Meno yalikuwa meupe.

"Kwa hiyo mtu kamvalisha akiwa ameshakufa," alisema Inspekta.

"Na kamvalisha ya mwenzake."

Meno yakatiwa kwenye mfuko wa vielelezo. Konstebo akaandika lebo, akakunja uso kama aliyepewa kubeba panya.

Korido ilikuwa ndefu na imepigwa deki hadi inateleza. Inspekta alitembea taratibu akichungulia vyumba, na kadiri alivyotembea ndivyo shaka ilivyompanda. Wazee wote walikuwa vitini, wameoshwa, wamechanwa, na wote wamelala. Mmoja kichwa kifuani, mwingine mdomo wazi. Mkaguzi amepiga ukelele, polisi wameingia na mabuti yao, na hakuna hata mmoja aliyeinua shingo kuuliza kulikoni. Hebu niambie, tangu lini wazee wakapitwa na habari?

Juu ya meza ya bibi mmoja aliyekuwa akikoroma palikuwa na kikombe cha chai kilichobaki nusu. Inspekta alikiinamisha kidogo. Kwenye kitako kulikuwa na unga mweupe. Haukuwa sukari, maana sukari ingekuwa imeshayeyuka.

"Chukua hiki," alimwambia konstebo. "Kiende maabara leo."

"Jamani, ni wewe!" Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa Sista, muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye uso wa upole. Wiki iliyopita ndiye aliyemtembeza Inspekta nyumba nzima, na ndiye aliyemtoa wasiwasi kwa neno moja: mama yake mzazi naye anaishi humuhumu. "Ningemweka mama yangu mahali nisipopaamini?" alimuuliza siku ile, na Inspekta akaona hapo maneno yamekwisha.

"Pole na kazi, mdogo wangu," Sista alisema sasa. "Dereva wa watu! Usiahirishe kumleta mama kwa ajili ya hili. Haya ni mambo ya Mungu."

"Wazee wamelala kweli leo."

"Wamechoka. Tangu alfajiri tunawaogesha kwa ajili ya ukaguzi."

Inspekta aligeuza kichwa. Kwenye chumba cha mwisho kuna mtu alikuwa akigombana peke yake.

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, macho makavu bila usingizi hata chembe, ameshika meno ya bandia mkononi na kuyakaripia. "Haya si yangu! Nimesema tangu asubuhi. Haya ni ya punda!"

"Mama yangu huyo," Sista alisema haraka, akapita mbele. "Amezeeka, afande, usimsikilize. Mama, yavae. Ni yako."

"Yangu yana jino limemegeka pembeni! Nilivunja kwa mfupa, na wewe ulikuwepo ukacheka!"

"Mama, nyamaza basi."

Inspekta aliyatazama yale meno. Yalikuwa makubwa, ya njano, yamekolea moshi wa sigara. Alimpenda Sista na hakutaka kufika pale alipokuwa akielekea.

"Sista," alisema, "naomba utusubiri ofisini."

Alianza na mhudumu, binti ambaye Meneja alikuwa ameshamnyooshea kidole: ndiye mwenye kuhudumia chumba kile, ndiye aliyemlisha, akamatwe. Binti alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Ulimlisha Dereva?"

"Hapana, afande. Leo Sista alisema chai atagawa mwenyewe. Nyumba nzima."

"Ni kawaida yake?"

"Hajawahi. Mimi nilishangaa, ila nilifurahi. Kuogesha watu wote wale tukiwa wawili tu, mgongo unakatika."

"Meno ya wazee hukaa wapi usiku?"

"Kwenye bilauri, rafu ya bafuni. Kila mtu na mahali pake. Lakini jana Meneja alitaka rafu isuguliwe kwa ajili ya ukaguzi, nikazishusha zote, nikazipanga upya zipendeze."

"Sista alijua umezipanga upya?"

Binti akafikiri. "Sidhani. Alikuwa ameshakwenda nyumbani."

"Nani alimvalisha Dereva meno?"

"Si mimi. Nilimkuta ameshavaa, amekaa kitini. Nilidhani kasinzia, afande, wallahi nilidhani kasinzia! Wote walikuwa wamesinzia. Kwenye rafu ilibaki bilauri moja na Bibi peke yake hana meno, nikajua ni yake, nikampelekea."

"Meneja anasema ni wewe."

"Meneja hata jina langu halijui," binti alisema, akaanza kulia upya.

Inspekta alimwacha, akaenda ofisini. Meneja akataka kubaki. Akaombwa atoke. Akasema hiyo ni ofisi yake. Konstebo akamfungulia mlango kwa adabu sana, naye Meneja akatoka.

Sista alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja.

"Nani aligawa chai leo?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Wahudumu hawatoshi. Nilisaidia."

"Uliweka nini ndani?"

"Sukari."

"Sista."

"Sukari, mdogo wangu, na maziwa."

"Kuna kikombe kiko njiani kwenda maabara. Na wazee wote wanapimwa damu. Nakuuliza tena."

Sista alitazama dirishani. "Basi ni vile vidonge vya kuwatuliza," alisema mwishowe. "Vipo siku zote, daktari anaviandika. Kidogo tu. Havina madhara. Kila nyumba inafanya."

"Havina madhara?"

"Hata kidogo."

"Mbona mama yako hukumpa?"

Sista akaacha dirisha, akamtazama.

"Nyumba nzima imelala," Inspekta aliendelea. "Mtu mmoja tu yuko macho, anagombana na meno. Wewe mwenyewe ulinipa moyo nimlete mama yangu kwa kuwa wako yuko hapa. Kumbe wako hanywi wanachonywa wenzake. Wangu angekunywa kikombe kipi, Sista?"

Hapo ndipo yule mwanamke alipovunjika. Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na maneno yakatoka vipande vipande.

Ukaguzi uliopita nyumba iliponea chupuchupu. Usiku mhudumu ni mmoja, wazee wanalala kwenye mkojo wao mpaka kuche, na Meneja kila akiombwa watu anasema subirini. Mkaguzi akaapa kwamba safari hii akikuta vilevile, anafunga. Na Dereva tangu juzi alikuwa akitangaza korido nzima: "Aje huyo mkaguzi! Nitamweleza yote, nitampigia honi!"

"Angesema uongo?" Inspekta aliuliza.

"Hapana," Sista alijibu. "Angesema kweli tupu. Ndiyo maana nilimwongezea. Wenzake niliwapa cha kusinzia, yeye nikampa mara mbili. Nikamwachia mkate mkononi, meno hata hajavaa, nikaenda chumba kingine. Niliporudi ameshakata roho, kipande kiko mdomoni. Nilikichomoa cha mbele. Nikajaribu kumpiga mgongoni, afande, nimempiga mno. Ukaguzi ulikuwa umeshaahirishwa mara moja, hauahirishwi tena. Nikamvalisha shati. Shavu lilikuwa limebonyea, nikakimbilia bafuni nikachukua bilauri palepale inapokaa yake siku zote."

"Ukamvalisha meno ya mama yako."

"Sikuyatazama."

"Unawajua wazee hawa miaka yote hii. Hukuyajua ya mama yako mwenyewe?"

"Sikuyatazama!" Sista alilia. "Nyumba ikifungwa mama yangu ataenda wapi? Mshahara wangu ndio unaomweka hapa. Mimi nalala kwenye chumba kimoja na watoto. Wewe una polisi, una kaka. Mimi nina nini?"

Inspekta alisimama. Alimsomea haki zake taratibu, neno kwa neno, kama anavyomsomea kila mtu: una haki ya kunyamaza, utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Alimwambia konstebo amchukue pia Meneja kwa mahojiano, na mkaguzi wa wizara akaambiwa aanze kazi yake upya, safari hii awaguse watu badala ya shuka. Pingu zilipolia, Sista aligeuka.

"Mama hawezi kula bila meno," alisema. "Na meno yake ni kielelezo chenu. Kuna ndizi kwenye kabati langu. Zipondwe kwa uma, zisiwe na uzi."

Inspekta alisimama kwenye korido, akampigia kaka yake simu.

"Mama haji hapa," alisema.

"Ala! Sasa ataenda wapi, dada? Kwako na zamu zako hizo? Kwangu na ngazi hizi?"

"Sijui."

"Hujui! Mimi nimeshamfungia nguo."

"Zifungue. Nimesema sijui, tutakaa tuongee." Akakata simu kabla hajasikika analia.

Kisha akafungua kabati la Sista, akatoa ndizi, akaenda nazo chumba cha mwisho. Aliketi kitandani akaziponda kwa uma mpaka zikalainika kabisa, akitoa uzi mmojammoja. Bibi alimtazama kwa makini.

"Wewe si mwanangu."

"Si mimi, mama."

"Mwanangu ndiye hunilisha. Anarudi saa ngapi?"

Inspekta alijaza kijiko, akakisogeza. "Leo atachelewa."

Bibi alikisukuma kile kijiko pembeni kwa upole, kama mtu anayekataa kumsumbua mgeni.

"Basi weka," alisema. "Nitamsubiri tule wote."