Hatua Tatu za Kinyumenyume

"Chumvi imekwisha."

Maneno mawili ya siri. Yaliingia sikio la kushoto la Stavro Kalantzis akiwa anapaka mkate siagi, mita sita chini ya ardhi ya Coober Pedy, mji wa machimbo huko Australia, katika hoteli ileile iliyochongwa ndani ya mwamba ambako yeye na mkewe Maureen hulala kila Julai, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Hakutikisa ukope.

"Umesikia nini?" Maureen aliuliza.

"Nisikie nini mimi na masikio haya?"

Maureen akakitazama kifaa cha viziwi kilichokuwa sikioni mwake. Miaka mitatu alikuwa akimhurumia mumewe. Hakujua kwamba Stavro husikia panya akikohoa mtaa wa pili, na kwamba kile kifaa ni redio ya Idara ya Ujasusi.

"Siku tatu, Stavro. Sijaomba Paris. Nimeomba siku tatu bila Idara yako. Ukinifanyia ya mwaka jana, nakwenda Hobart kwa dada yangu. Na sirudi."

"Nimekuapia, mpenzi."

"Unaona? Unaniita mpenzi ukidanganya tu. Siku nyingine zote mimi ni Mo."

Stavro akaingia bafuni, akafungua bomba.

"Pringle, niko likizo."

"Na mimi nilikuwa kwenye harusi," mkuu wake alijibu. "Kadi ya kompyuta. Ndogo kama ukucha. Ndani kuna siri za rada zote za uwanja wa roketi."

"Nani anayo?"

"Muuzaji tumemnasa jana. Alishaifukia kwenye vifusi vya machimbo, ndani ya kopo la tumbaku. Mnunuzi anakuja kuichukua asubuhi hii, kavaa kama mchimbaji. Sura hatuijui. Saa sita anapaa na ndege."

"Vijana?"

"Wawili, dakika tano kutoka hapo. Tukimkamata asiye yeye, mwenyewe anayeyuka. Tuonyeshe ni nani."

Bomba likafungwa.

"Mo," alisema akijifuta uso, "twende tukaokoteze vito vya opali. Kama zamani."

Maureen akang'aa kama siku ya harusi yao. Hapo ndipo kitu kilipomchoma Stavro kifuani. Akavaa koti lake hivyohivyo, na chini ya koti, bastola yake ya Walther.

Toyota Land Cruiser ya wazi nyuma ikawafikisha machimboni. Vifusi vyeupe, kimoja baada ya kingine, na katikati yake mashimo yasiyo na vifuniko, mapana kama pipa. Watu watatu walikuwa wameinama na chekecheo zao, wakitafuta opali zilizosahauliwa na mitambo. Wote vumbi tupu.

Stavro akafungua chupa ya chai. Thermos, yenye kamera tumboni.

"Hawamo kwenye faili," Pringle alinong'ona sikioni. "Wote watatu."

Casio mkononi mwake ilionyesha saa tano na robo.

Mtego ulikuwa mmoja tu. Na chambo alikuwa mke wake.

"Mo, waombe watupige picha. Kila mmoja moja, tuchague nzuri."

Bibi Ljubica, aliyeishi hapo miaka arobaini, alikuwa wa kwanza. Maureen alipomtaka asogee kidogo, bibi aliugeuzia mgongo ulimwengu mzima, akakagua ardhi, akaenda hatua nne mbele, ndipo akageuka tena.

"Mnataka nife kwa ajili ya meno yenu?" alifoka. "Chekeni upesi!"

Wa pili, mzee mwenye mguu mbovu, alikataa kabisa kusogea. "Sogeeni nyie. Mimi shimo langu ni la kuzikwa, na siku yake bado."

Wa tatu alikuwa na kofia ya kijani, sugu mikononi, na lafudhi ya hapohapo.

"Mwili mzima, kaka," Maureen alimwambia, akimpa simu. "Buti zionekane!"

Mtu yule, macho kwenye kioo cha simu, akarudi kinyumenyume.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Coober Pedy mtoto hufundishwa kutorudi kinyumenyume kabla ya kufundishwa kuvaa viatu.

"Chumvi nimeipata," Stavro alinong'ona. "Kofia ya kijani."

Midomo ikamponza. Yule mtu aliiona ikicheza. Simu ikaanguka, bastola ya Glock ikatoka, na shingo ya Maureen ikawa ndani ya kiwiko.

"Tupa bastola, babu!"

Walther ikaanguka mchangani.

Jamaa akaanza kumburuta Maureen kuelekea gari lake. Kinyumenyume. Na nyuma yao, hatua sita, shimo lilikuwa wazi.

Stavro akipiga kelele, jamaa atasimama, atapita kando, na ataondoka na mke na kadi. Akinyamaza, wataingia wote wawili.

Tano. Nne.

"Stavro," Maureen aliita. "Nyuma yetu kuna nini?"

Tatu.

"Hakuna kitu, mpenzi."

Maureen akalegeza magoti, akajiachia chini kama gunia la viazi.

Mkono ukamponyoka yule jamaa. Akapepesuka hatua moja, ya pili, kisha kofia ya kijani ikabaki peke yake hewani. Mita nane chini, kwenye vumbi laini, akaanza kulilia mguu wake.

Vijana wawili wa Idara walipofika na kamba, walimtoa yeye na kopo la tumbaku mfukoni.

"Kazi safi," Pringle alisema sikioni, kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Maureen alikuwa bado amekaa mchangani.

"Ulijua yumo kati yao."

"Nilijua, Mo."

"Ukanituma nimpe simu mkononi."

"Umepona."

"Nimepona kwa sababu wewe ni mwongo na mimi nakujua."

Akainuka. Akanyoosha mkono, akakichomoa kile kifaa sikioni mwa mumewe, akakitupa shimoni. "Haya. Sasa kuwa kiziwi kweli." Akachukua funguo, akaondoa gari.

Vijana walikuwa wanatazama. Stavro akafunga vifungo vya koti, akavaa miwani ya jua, akaanza kutembea taratibu.

"Tukupe lifti, mzee?"

"Napenda kutembea."

Kilomita nne. Lakini nyuma ya kifusi cha kwanza Land Cruiser ilikuwa inaunguruma. Kioo kikashuka kidole kimoja.

"Panda nyuma."

Kiti cha mbele kilikuwa na mkoba. Stavro akapanda nyuma, akakaa kati ya sepetu na chekecheo, mgongo umenyooka, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Mbele kulikuwa na njia panda. Kushoto hoteli. Kulia uwanja wa ndege, na Hobart.

Gari likapunguza mwendo. Stavro akafungua mdomo amwite mpenzi.

Akaufunga.