Bunduki za Upepo za Babu Fulgence

Akirudi kutoka shuleni, Ottilia alivua sare yake, akaianika kambani, akala ugali wa muhogo aliowekewa chini ya kawa, kisha akaingia chumba cha uani kumsaidia babu yake kupangusa bunduki.

Hazikuwa bunduki za baruti. Zilikuwa bunduki za upepo. Ndani ya kila moja mlikuwa na springi nene iliyosukuma upepo kama pampu ya baiskeli inavyousukuma, na upepo huo ulirusha kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Babu Fulgence alikuwa nazo nne, zote za zamani, zimetundikwa ukutani. Ya kwanza alipewa na bruda wa misheni aliyemfundisha ufundi wa vyuma, siku bruda huyo aliporudi kwao. Nyingine aliachiwa na mwenye shamba la kahawa huko Mbinga, aliyeondoka baada ya Uhuru. Mbili zilizobaki alipewa na watu aliowatengenezea vyerehani na makufuli, ambao hawakuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa bunduki mbovu na neno la asante. Babu alizifufua zote. Kwa kibali cha mwenyekiti wa kijiji, vijana walizichukua wakati wa mavuno kufukuzia tumbili katika shamba la ujamaa la mpunga.

"Ziwa letu linatupa samaki," babu alizoea kusema, "lakini unyevu wake unakula chuma. Ukilala, kutu haijalala."

Basi Ottilia alipitisha kitambaa chenye mafuta kwenye mitutu, akasugua vitako vya mbao kwa nta ya nyuki, na mara mojamoja babu alimruhusu kudondosha tone la mafuta kwenye ngozi iliyobana upepo ndani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika darasa lake la sita hapakuwa na mwingine aliyejua mambo hayo. Alijivunia jambo hilo, pengine kuliko ilivyopasa.

Sheria ya babu ilikuwa moja. Kabla ya jambo lolote, ufito mwembamba wa chuma wenye kitambaa ulipitishwa katika mtutu, uingie upande huu na kutokea upande ule. Mpaka ufito utokee, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifyatuo, hata kama bunduki ilikuwa imelala mwaka mzima.

Siku moja bwana shamba, Sixtus, alileta bunduki ya tano. Aliikuta katika kijiji cha Mbuji, ndani ya ghala la zamani, chini ya magunia yaliyooza. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, na nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo mdomoni mwa mtutu.

Babu aliigeuza mikononi kama mtu anayempokea mtoto mgonjwa. "Hii tusiifanyie haraka," alisema. "Sijui ndani kuna nini. Kesho nikitoka shamba la kijiji tutaifungua pamoja. Usiiguse, mama."

"Sawa, babu," Ottilia alijibu.

Kesho yake babu alikuwa bado shambani Damiano alipofika. Damiano alisoma naye darasa moja, na baba yake, Evarist, alikuwa mvuvi. Alikuja kuomba mafuta kidogo ya baiskeli. Alipoiona bunduki mpya mezani, alisahau mafuta.

"Hii imekufa kabisa," alisema.

"Haijakufa. Babu ataifufua. Hata mimi naweza kuianza."

"Wewe?"

Neno hilo moja lilimchoma Ottilia. Alichukua msumari, akakwangua kiota cha nyigu mpaka mdomo wa mtutu ukaonekana. Alitia mafuta kwenye bawaba, akasubiri kidogo, kisha wakasaidiana kuukunja mtutu kwa nguvu. Ulilia, ukakubali. Springi ikashika. Ottilia alitazama mahali pa kuwekea risasi, akaona hapana kitu, akaurudisha mtutu. Ufito wa chuma ulikuwa umening'inia palepale ukutani. Aliuona. Alijiambia kwamba bunduki iliyokaa ghalani miaka yote hiyo haiwezi kuwa na risasi, kwani nani angeiweka?

"Ngoja nione kama upepo unatoka," alisema Damiano, akainama mbele ya mtutu.

Ottilia alivuta kifyatuo.

Mlio ulikuwa mdogo, kama mlango unaobamizwa. Damiano aliketi chini ghafla, mikono usoni. Damu ilipenya kati ya vidole vyake.

Ottilia aliitupa bunduki mezani, akapiga magoti kando yake. Alipomtoa mikono aliona tundu dogo kwenye unyusi wa kushoto, karibu kabisa na jicho. Vumbi la udongo lilikuwa limemjaa usoni.

"Unaona?" aliuliza. "Damiano, jicho linaona?"

"Linaona. Linauma tu." Damiano alipumua kwa nguvu, kisha akamshika mkono. "Tuseme nimechomwa na kijiti. Nilipanda mpera, nikachomwa. Wakijua ni bunduki, mwenyekiti atazichukua zote za babu yako."

Ottilia alimsaidia kusimama. Alimfunga kitambaa chake cha kichwa, wakaenda zahanati.

Nesi wa zahanati aliitwa Mwanabibi. Alikuwa mwenyeji wa Pangani, serikali ilikuwa imemleta huku Nyasa, na watu wa kijiji hiki cha Kihagara walimpenda kwa sababu hakumfokea mgonjwa. Wakati anaosha kidonda, mama yake Damiano, Lukresia, aliingia mbiombio, mikono ikinuka usipa, dagaa wa ziwa, aliokuwa akianika pwani ya ziwa.

"Amefanya nini mwanangu?"

"Anasema kachomwa na kijiti," alijibu Nesi Mwanabibi. "Kijiti cha mti gani, Damiano?"

"Cha mpera, nesi."

"Kilikatikia ndani?"

"Hapana. Kilitoka."

Nesi alipaka iodini, akafunga bandeji safi. "Basi mshukuru Mungu, dada Lukresia. Kidogo tu kingeingia jichoni. Mpeleke akapumzike. Kikivimba, mrudishe."

Lukresia alishukuru, akamshika mwanawe mkono. Walikuwa wamefika mlangoni. Damiano alimtupia Ottilia jicho moja lililobaki wazi, kumwambia kwamba yamekwisha. Ottilia aliziona akilini bunduki za babu ukutani, na misumari mitupu zitakapokuwa zimechukuliwa. Aliuona pia udongo ule, na kutu ile.

"Nesi," alisema, "si kijiti."

Wote waligeuka.

"Ni bunduki ya upepo, ile mpya. Nilidhani haina kitu. Mimi ndiye niliyefyatua, na babu alinikataza kuigusa. Ilikuwa imejaa kutu na udongo wa nyigu. Damiano alisema kijiti ili babu asinyang'anywe."

Lukresia aliweka mkono kifuani. Nesi Mwanabibi hakupoteza muda. Alimketisha Damiano tena, akafungua bandeji, akapapasa unyusi taratibu kwa ncha ya kidole. Damiano aliruka.

"Kipo," alisema nesi. "Kigumu, kimelala juu ya mfupa. Kirisasi kilikuwa kimeganda katikati ya mtutu." Alimgeukia Lukresia. "Hiki lazima kitolewe hospitali, si hapa. Na lazima apate sindano ya pepopunda, kwa maana uchafu wa namna hiyo ndio unaoileta. Dawa hiyo imeniishia. Mwite baba yake, wapande boti ya ushirika sasa hivi."

Haukupita muda, boti ikaondoka kuelekea hospitali ya misheni. Evarist alikuwa amemkumbatia mwanawe, Lukresia ameketi mbele yao. Ottilia alibaki mchangani mpaka mlio wa injini ulipopotea. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kisha alifanya jambo gumu kuliko yote. Alikwenda shamba la mpunga, akamtafuta babu kati ya watu waliokuwa wakipalilia, akamweleza yote bila kupunguza.

Babu Fulgence alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Twende kwa mwenyekiti," alisema, "tumwambie sisi wenyewe kabla hajaambiwa na wengine."

Mwenyekiti alizikusanya bunduki zote tano, akazifungia katika ofisi ya kijiji mpaka kikao kitakapokaa. Ukuta wa chumba cha uani ukawa mtupu. Ottilia alikwenda shule, akarudi, akaanika sare, na hakujua afanye nini na mikono yake.

Boti iliporudi na Damiano, Ottilia hakuthubutu kwenda pwani. Jioni ileile alimwona Lukresia akija uani na bakuli lililofunikwa, akajificha nyuma ya mlango.

"Hodi hapa. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo. Kirisasi kimetolewa, jicho ni zima." Lukresia aliketi kwenye mkeka. "Yuko wapi Ottilia?"

Ottilia alijitokeza, macho chini. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe. Lakini sikuja kwa hilo, nimekuja kukushukuru." Lukresia alimvuta akae karibu naye. "Daktari aliniambia kidonda kile kingefunga juu, usaha ukabaki ndani na kushuka jichoni. Na pepopunda, kama ingempata, huenda nisingerudi na mtoto. Aliuliza nani aliyegundua mapema kwamba ni risasi. Nikamwambia ni rafiki yake, alisema mwenyewe. Mwanangu nimemchapa kwa mdomo njia nzima kwa uongo wake. Wewe nimekuletea usipa."

Ottilia alilipokea bakuli, machozi yakamtoka.

"Babu," alisema alipoweza, "bunduki zako zimechukuliwa kwa sababu yangu."

Babu Fulgence alimsogelea. "Bunduki zile nilipewa na watu waliokuwa wakinishukuru," alisema. "Zikirudi, nitafurahi. Zisiporudi, shukrani zao nilishazipokea. Lakini jicho la Damiano ningelirudisha kwa ufundi gani?"

Aliinama ili amwone usoni.

"Ulikosea, mama, na kosa lako usilisahau. Kitu kinachoweza kudhuru hakiaminiwi kwa kudhani, hukaguliwa. Mimi nami nilikosea kukiacha mezani, na nitamwambia mwenyekiti niwekewe kabati la kufuli. Ila kuna jambo la pili. Nesi hutibu kwa macho yake na kwa maneno anayoambiwa. Maneno yakiwa ya uongo, dawa nayo hupotea njia. Ulipojua kwamba ukweli utatugharimu, ukausema hata hivyo, ndipo mwenzako akapona. Kwa hilo, mimi babu yako nakushukuru."

Wiki iliyofuata kikao kilikaa. Bunduki nne zilirudishwa, kwa sharti la kabati na kufuli, kwa kuwa tumbili wangerudi mpunga utakapoiva. Ile ya tano ilibaki kwa mwenyekiti, ikapelekwa polisi Mbinga, na babu hakuiombea.

Lakini jioni ile ya usipa hakuna aliyejua hayo bado. Babu alichochea moto, Lukresia akaomba chumvi, na Ottilia akafuta uso wake na kwenda kumwita Damiano aje kula.