Onja Kwanza, Bertin

"Jogoo, mapipa iko wapi?"

"Iko mu camion, chef. Moteur inawaka."

Godefroid alishusha redio yake ya Motorola; Jogoo, jina la siri la mtu wake wa ndani, alikuwa tayari. Magoti yalimuuma. Uzee na ujasusi havipatani.

"Bila preuve, bila ushahidi, usimuguse Bertin," alisema Joëlle, mkuu wake, aliyekaa kando yake garini. "Ile siku alisema bageni njo balimudanganya. Bakamuachilia."

Lori la Bertin lilikuwa karibu kuondoka kwenda Panda, kwenye kiwanda cha chakula cha kuku. Kiwanda kilisubiri mafuta ya lin, yanayokamuliwa kwenye mbegu za kitani. Kuku wa mayai wakilishwa hayo, mafuta yake mazuri huingia kwenye kiini cha yai.

Mapipa ya Bertin hayakuwa na lin hata tone. Yalijaa mafuta machafu ya transfoma, yaliyovushwa mpakani na mtandao wa wageni. Sumu tupu.

Hadassa, bintiye Godefroid, alikuwa mjamzito. Muuguzi alimshauri ale mayai ya kuku hao.

Godefroid alichoka na kazi hii, alichoka kweli. Lakini hatari hiyo ya bintiye ilimtia hasira iliyomwamsha.

Alishuka kwenye Hilux, Beretta chini ya koti, kinasa sauti kwenye kola. Akaingia bohari la Bertin, mtaani Kikula, akijifanya mfugaji tajiri.

"Karibu, patron!" Bertin alichangamka, Rolex ikimeta mkononi.

Godefroid alitoa mkate mfukoni, akauchovya kwenye pipa moja lililobaki chini, wazi.

"Onja kwanza."

Huko Kikula, anayekukaribisha chakula hukionja yeye kwanza mbele yako. Akikataa, kila mtu anajua kuna kitu ndani.

"Ile ni ya kuku, patron. Haiko ya bantu."

"Kuku anakula, minye nakula yayi yake. Onja."

Wapakiaji walitua magunia. Bertin alilazimisha kicheko. Akamsogelea Godefroid sikioni.

"Patron, nikionja ile, nitakufa. Sema unataka nini, tupatane."

Kinasa sauti kilimeza kila neno. Godefroid alitikisa kichwa, akamsogezea mkate tena.

"Dodo! Enda!" Bertin alimfokea dereva wa lori.

Dodo alizima injini, akashuka na ufunguo mkononi. Jogoo alikuwa yeye.

Mkono wa Bertin ulikimbilia kiunoni.

Beretta ilitangulia.

"Tulia. Minye niko nachoka, usinisumbue."

Polisi walioitwa na Joëlle walipomtia Bertin pingu, Godefroid aliutia mkate ule kwenye mfuko wa plastiki, akamkabidhi ofisa wao. Kisha akampigia bintiye simu, akamsalimu.

"Papa? Sauti yako imechoka sana."

"Ulikula yayi leo, Hadassa?"

"Njo niko namenya sasa. Juu ya nini unauliza?"

Alifumba macho. Mapipa hayakufika Panda; yai lile lilikuwa salama.

"Kula, mama. Kula yote."

Akakunja kola ya koti, akaondoka polepole, akichechemea, bila kugeuka nyuma.