Keki ya Mbwana Iko Ndani ya Birika

Huyu ni Mbwana. Leo ametimiza miaka mitano. Amevaa shati jipya na ameketi kwenye kigoda, uani kwao.

Mbwana hajawahi kuwa na keki yake mwenyewe. Leo Mama amemwahidi.

"Nasubiri," alisema Mbwana.

Mama alikoroga unga, mayai, sukari na siagi. Koroga, koroga, koroga. Akatia na iliki.

"Tunu, niletee sufuria," Mama alimwambia dada yake Mbwana.

Tunu akaingia jikoni. Akatoka mikono mitupu.

"Hakuna sufuria, Mama."

"Ile kubwa?"

"Iko harusini."

"Ile ndogo?"

"Iko harusini."

"Kikaango je?"

"Nacho kiko harusini."

Lo! Jirani yao ana harusi. Jana alikuja kuazima sufuria, Mama akampa. Leo asubuhi akaja tena, Mama akampa tena. Mama ana moyo mzuri sana. Ila sasa hana sufuria.

"Nikazichukue?" aliuliza Tunu.

"Ukamwage pilau la watu?" alisema Mama.

Mbwana hakulia. Aliogopa tu kwamba keki yake haitakuwepo tena.

"Nasubiri," alisema, kwa sauti ndogo.

Mama akatazama huku. Akatazama kule. Kwenye rafu kulibaki kitu kimoja. Birika.

"Hilo ni la chai," alisema Tunu.

"Leo ni la keki," alisema Mama.

Akalipaka siagi ndani. Akamimina. Dubwi, dubwi, dubwi. Kisha akaweka mkaa chini, na mkaa juu ya kifuniko.

Keki ikaumuka. Ikazidi kuumuka. Ikachungulia kwenye mdomo wa birika.

"Imetoa pua," alisema Mbwana. "Nasubiri."

Keki ikaiva. Ikapoa. Mama akaligeuza birika, akaligonga. Ko, ko, ko! Keki haikutoka.

Tunu akalitikisa. Tiki, tiki, tiki! Keki haikutoka.

Bibi yao akatoka ndani, akainama, akaigombeza. "We keki! Toka!" Keki haikutoka.

Baba akarudi kutoka kazini.

"Chai ipo?"

"Birika lina keki," alisema Mama.

"Aa," alisema Baba. Akaketi.

Mama akajaribu kuingiza mkono. Haukuingia. Tunu akajaribu. Haukuingia. Baba akajaribu. Viliingia vidole vitatu tu, tena kwa shida.

Mbwana akashuka kwenye kigoda. Akakunja mkono wa shati lake jipya. Akaingiza mkono ndani ya birika.

Ukaingia wote, mpaka kwenye kiwiko.

Hapo watu wote wakasogea. Mama, Baba, Bibi na Tunu. Wakakinga viganja.

"Subirini," alisema Mbwana.

Akatoa kipande. Akakila polepole, mpaka kikaisha.

"Ni tamu?" aliuliza Baba.

Mbwana akatoa cha pili. Akakila nacho.

"Tunasubiri," alisema Bibi.

Ndipo Mbwana akaanza kugawa. Akampa Bibi. Akampa Mama. Akampa Tunu. Akampa Baba. Kisha akazunguka tena, mpaka birika likawa tupu.

Usiku Mama akamfunika shuka. Mbwana alikuwa ananukia iliki.

"Mwakani sitaazimisha sufuria," Mama alimnong'oneza. "Nitakuokea keki nzuri ya duara."

"Azimisha tu, Mama," alisema Mbwana.

Akafumba macho, akalala.