Donge la Uzi la Mitike

Asubuhi hapa kwetu Dorze, huku milimani, ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Huchanganyika na moshi wa jikoni, na nyumba ya mianzi huwa kama inaelea. Asubuhi moja shemeji yangu Mengesha alikuwa anafuma kitambaa. Taka-taka, taka-taka, mtambo ulilia. Mkewe, mdogo wangu Ayelech, alikuwa anasokota pamba. Mtoto wao Mitike alikuwa mgongoni mwa mama yake, kimya.

Kimya hicho kilimnyima Ayelech usingizi. Mitike alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Sasa alikaribia miaka miwili, na hakuwa amesema hata neno moja.

"Dada, hivi mwanangu atakuja kuelewa mambo?" aliniuliza, machozi yakimlengalenga.

Siku hiyo alipita Zenebech, mhudumu wa afya, tukamweleza.

"Umri wake uhesabuni tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa," alisema. "Lakini mbona hashuki mgongoni?"

"Ataumia! Huyu ni wa kushikwa kama yai."

"Yai lilishaanguliwa zamani, mama! Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji sana kuongeleshwa na kuchezeshwa. Akili inakua anapojaribu. Baba Mitike, cheza naye."

Mengesha akacheka. "Mimi? Na ndevu zote hizi? Sokoni nitauza ndevu?"

"Nani kasema uache kazi? Mwimbie huku unafuma. Ukipumzika, ficha kitu akitafute. Na kliniki mumpeleke, aendelee kuangaliwa."

Mengesha akachukua donge la uzi, akalifunika kwa kikapu. Mitike alitazama tu. Ayelech akanyoosha mkono amsaidie.

"Mwache ajaribu," Zenebech akasema.

Siku ile hakujaribu. Loo, tulivunjika moyo! Lakini kila siku Mengesha alificha donge, na kila siku aliimba akifuma. Nyumba ikajaa wimbo na ukungu, hata mimi nikawa nasinzia kwa raha.

Wafumaji wenzake wakamtania. "Mengesha, siku hizi umekuwa yaya?"

"Njooni niwalee na nyie!"

Mvua zikaja, zikaisha. Asubuhi moja Mengesha alificha donge, akarudi kufuma. Mitike akatambaa, akainua kikapu. Akasimama kwa kuyumbayumba, akamwekea baba yake donge mkononi.

"Tena," akasema.

Taka-taka ikakoma. Ayelech akaangusha pamba yake. Siku ya soko ilikuwa kesho yake, na kitambaa kilikuwa nusu. Mengesha akakiacha hapohapo, akapiga magoti sakafuni.

"Tena, mwanangu," akasema, ndevu zimelowa machozi. "Tena na tena."